Mwambie Nimempigia

Sheria ya kambi niliiandika mimi, kwa kidole changu mwenyewe, kwenye grupu la wazazi wa darasa la saba. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Same wana huruma. Wakinikuta dukani wananifariji kwamba ni mambo ya shule. Si ya shule. Mwalimu Rogathe, mwalimu mkuu, alitaka tu watoto walale shuleni miezi miwili kabla ya mtihani ili wasome kwa utulivu. Hayo mengine, ya kutotoka, kutotembelewa wala kushika simu ya mtu yeyote, yalitoka kwangu, Abdulmajid muuza mabati, mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Mwaka ule nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Redio ikisema, mimi naijibu. Niliamini kabisa kwamba simu zimewaharibu watoto, na kwamba sisi wazazi tunawadekeza kupita kiasi. Nilipoandika, "Mtoto akiingia kambini hatoki mpaka mtihani uishe," wazazi arobaini walinitumia dole gumba. Zaituni, mke wangu, alisoma akaniuliza, "Na ikitokea dharura?" Nikamjibu kwamba dharura ndiyo huwa mlango wa uzembe. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Binti yetu Husna akaingia kambini mwezi wa saba, na godoro lake na ndoo ya kufulia.

Wiki ya tatu mzazi mmoja, Wilson, aliomba mwanawe atoke siku moja tu, dada yake anapata kipaimara. Ningeweza kumpigia tukazungumza kiume. Badala yake nilimjibu mbele ya wazazi wote: "Ndugu Wilson, sheria haina jina la mtu." Kisha nikalifunga grupu, tukabaki wasimamizi tu tunaoweza kuandika. Wilson hakumtoa mwanawe. Usiku ule nililala vizuri, na sasa nikikumbuka naona aibu.

Siku kumi baadaye dada yangu akapiga kutoka Myamba, kijijini kwetu mlimani. Mama amelala siku nne, chakula hakipiti, na anamtaka Husna.

Nieleze kidogo hapo. Kila likizo Husna alipanda mlimani kwa bibi yake. Alimsaidia kupalilia tangawizi, akamkata kucha, akamtafutia majina kwenye kile kisimu chake cha vitufe kwa sababu macho ya mama yalikuwa yamechoka. Wajukuu alikuwa nao tisa. Aliyekuwa anaulizwa ni huyo mmoja.

Nikaenda shuleni. Mwalimu Rogathe hata hakuniacha nimalize.

"Mchukue, Baba Husna. Kesho Jumamosi. Jumapili jioni umrudishe."

"Na Wilson nitamwambia nini?"

"Wilson ni mtu mzima, ataelewa."

"Watasema mwenyekiti anajipendelea."

Akainuka kitini. "Basi ngoja nimwite Husna uzungumze naye, uamue ukiwa umemwona."

Nikakataa. Nilijua nikimwona nitamchukua. Niliondoka pale nikitembea kama mtu mwadilifu, na hiyo ndiyo hatua ninayoijutia kuliko zote, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mwenye mlango alikuwa ameushika.

Jumamosi nikapanda peke yangu. Mama alikuwa amekonda, lakini akili yake timamu. Nikamsalimu, akaitika marahaba huku akichungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenye masomo, mama. Lakini nimekuja na simu. Sema naye hapa, mimi nitampelekea."

Mimi nilikuwa na maana ya kurekodi. Niliona ni akili sana: sheria imebaki salama, na mtoto atapata maneno ya bibi yake mtihani ukiisha. Nikamshikia simu mbele ya uso, nikabonyeza. Lakini mama alikuwa amezoea kuona dada yangu akiongea na mwanawe aliyeko Dodoma, sura kwa sura. Akakaa vizuri, akavuta kanga kichwani, akaanza kwa Kipare.

"Husna. Umekula?"

Akanyamaza, anasubiri.

"Huko mnalala na nani? Baridi haikupati?"

Akasubiri tena. Akasogeza sikio kwenye simu.

"Kucha zangu zimekuwa ndefu, mwanangu. Unakuja lini?"

Akanigeukia. "Mbona hajibu?"

Ningeweza kumwambia kweli. Ningeweza kuzima, nikampigia Mwalimu Rogathe hapo hapo, mtoto akaitwa ofisini. Nikasema, "Mtandao unasumbua, mama."

"Aa." Akajilaza. "Basi mwambie nimempigia."

Alifariki Jumanne. Tulimzika kesho yake, karibu na shamba lake. Wilson alikuja mazishini, akanishika mkono, akasema, "Ungeniambia tu, ndugu yangu." Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, nami nikaamua Husna asiambiwe. Zaituni alilia, akasema tumezidi. Niliamua hivyo hivyo.

Aliambiwa na mama yake siku ya mwisho ya mtihani, ndoo ikiwa bado mkononi. Hakupiga kelele. Nyumbani nikampa simu yangu, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Akaketi kitandani, akatazama mpaka mwisho, ikiwa ni pamoja na sauti yangu ikisema mtandao unasumbua.

"Hii ilikuwa siku gani, baba?"

"Jumamosi. Ile ya katikati ya mwezi wa nane."

Akafikiri. "Jumamosi hatukuwa na vipindi," alisema. "Tulikuwa tunafua tu."

Nilisimama mlangoni. Akairudisha video mwanzo, akaiweka juu ya mto, akakaa kama mtu aliyepigiwa simu.

"Husna. Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Huko mnalala na nani? Baridi haikupati?"

"Nalala na Doreen. Navaa soksi zile ulizonipa."

"Kucha zangu zimekuwa ndefu, mwanangu. Unakuja lini?"

"Nakuja, bibi," alisema. Kisha, kabla sauti yangu haijafika, akaisimamisha, akairudisha mwanzo.