Jina la Baba Mkwe

Kamati ya kuhakiki ploti za mtaa wa Bulla Pesa ilikaa siku tatu, katika mwaka wa tano tangu serikali ya kaunti iundwe. Sharti lilikuwa moja: kila mdai alitaje kwa kinywa chake jina la mtu aliyegawiwa ploti yake hapo mwanzo. Sajili ilifichwa, kwa kuwa walaghai walikuwa wengi. Aliyeshindwa kulitaja, ploti ilipewa mwingine.

Abiba, mjane wa Kiborana, aliitwa asubuhi ya siku ya pili. Ploti ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake. Alikuwa ameishi humo miaka ishirini na sita, wala hakuwa na pengine pa kwenda.

"Mama, taja jina," alisema mwenyekiti, Mheshimiwa Rimberia, mwakilishi wa wadi. Sauti yake ilikuwa imezoea mikutano ya hadhara. Hata salamu aliitoa kana kwamba anahutubia.

Abiba aliinamisha kichwa. "Ni ya baba wa mume wangu," alijibu kwa sauti ya chini mno.

"Huyo baba ana jina?"

"Analo."

"Basi lilete."

Hakulileta. Kwa Waborana walioshika mila, mke halitamki jina la baba mkwe, awe hai au amefariki. Rimberia, mzaliwa wa Meru, aliisikia sauti ile ya chini akadhani ni ya mtu mwenye jambo la kuficha.

"Na mume wako aliitwaje?"

"Baba Halima."

Watu wakacheka. "Mheshimiwa, ukimngoja huyu tutalala hapa," alisema Ebei, dalali wa mifugo aliyekuwa akingoja zamu yake.

Keziah, karani wa kamati, aliinua kalamu. "Kuandika hajui, nimemuuliza. Niruhusu nisome majina ya wenye ploti za mstari wake wote, yeye aonyeshe lake."

Aliruhusiwa. Akasoma polepole, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alipofika kwa Bule Guyo, Abiba alivuta mtandio usoni, akashuka kitini, akaketi sakafuni.

"Huenda ni bahati," alisema Rimberia. "Changanya, usome tena."

Mara hii jina hilo lilitangulia yote. Abiba, aliyekuwa amerudi kitini, akashuka tena.

Rimberia akaichukua sajili mwenyewe. "Bule," aliita, kama mtu anayemwita mtumishi aliyechelewesha chai. "We Bule. Ndiye huyu?"

Abiba akainuka, akamtazama usoni. Sauti iliyomtoka iliwafikia hata waliosimama nje.

"Mheshimiwa, huyo ni baba yangu. Mwanawe alipokufa, alinitunza miaka kumi na minne. Wewe hukucheza naye utotoni. Mwite mzee."

Ebei alitazama viatu vyake. Rimberia aliiweka sajili mezani. Ilikuwa miaka mingi tangu asahihishwe mbele za watu.

"Mzee Bule Guyo," alisema hatimaye, taratibu.

"Ndiye," alijibu Abiba, akaketi.

Keziah aliinama karibu na mwenyekiti. "Fomu inataka alitamke mwenyewe."

"Andika kwamba ameulizwa na amejibu," alisema Rimberia, akatia sahihi.

Abiba alibonyeza kidole gumba penye wino, akapokea cheti chake, akatoka bila haraka.