Msemaji Aliyepanda Nyuma na Kondoo

Ninyi wenye watoto wa kiume wawili na gari moja uani, haya nayaandika kwa ajili yenu. Mimi niliishia darasa la saba, kupamba maneno siwezi. Nitayasema yalivyotokea, na ninyi mjiangalie mapema.

Marehemu mume wangu, Eliud, alituachia Pijo 504, pikapu ya zamani. Tunakaa juu ya Kikatiti, kwenye migomba na kahawa, na gari hilo ndilo lililoshusha ndizi zetu barabarani tangu wanangu wakiwa wadogo. Kwa mila ya ukoo wetu, kitindamimba ndiye anayebaki kwenye boma la baba, na vilivyomo bomani ni vyake. Mkubwa, Sifaeli, alishakatiwa shamba lake alipooa. Basi tulipomaliza msiba ukoo ukakaa, ukasema Pijo ni la Bariki, mdogo. Sifaeli akajibu, "Sawa." Nikamshukuru Mungu. Kumbe "sawa" ya mtu mzima inaweza kukaa kooni isishuke.

Tangu siku hiyo, Pijo likipita njia ya kwake, Sifaeli alikuwa anaacha jembe na kusikiliza mpaka mlio uishe. Mke wake ndiye aliyeniambia. Nikasema ni kumkumbuka baba yake tu. Sisi mama huwa tunachagua jina zuri la kitu kibaya.

Ikafika Jumamosi ya posa. Bariki alikuwa amempata Nancy, binti wa mzee Lemburis wa Oldonyo Sambu. Kwetu anayesimama kumposea kijana ni baba, na baba akiwa hayupo ni kaka mkubwa. Bila Sifaeli hakuna wa kusema. Na bila Pijo, kondoo, mikungu ya ndizi na blanketi la mzee vingefikaje ng'ambo ya mlima? Nilihitaji vyote viwili siku hiyo, gari na mwanangu, na vyote viwili vije bila kukohoa.

Asubuhi Bariki akapiga stata. Gari likawaka, lakini jamani! Lilitetemeka mpaka kondoo aliyekwisha kufungwa nyuma akapiga magoti. Mlio wenyewe ulikuwa wa kuchechemea, puku-puku, kimya, puku. Akikanyaga mafuta, linataka kuzima.

"Linamisi, haliwaki sawasawa," Bariki akasema. Akafungua boneti, akakaza huku, akalegeza kule. Akatoa chujio la petroli akalipuliza. Akagusa skrubu ya kabureta, likazidi kuwa baya. Jasho likaingia kwenye kola ya shati jipya.

Hapo wifi yangu Elinipa, shangazi yao, akaona ndiyo nafasi yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kitenge chake cha harusi.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Ila jana jioni nilimwona mtu ameinamia boneti hiyo hiyo. Na hakuwa wewe, Bariki."

"Nani, shangazi?"

"Nimesema sisemi. Lakini huyo anakuja, ana suti."

Sifaeli alikuwa anashuka njiani na suti yake ya kipaimara cha mtoto wake, viatu vimepakwa rangi. Akafika, akaniambia, "Shikamoo mama," lakini sikio lake lilishakwenda kwenye injini.

"Umelifanyia nini gari langu?" Bariki akamuuliza, bila salamu.

"Gari lako," Sifaeli akarudia polepole. "Haya."

"Jana ulikuja hapa wakati sipo. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

Sifaeli akaanza kuvua koti. Bariki akasimama mbele ya boneti kama anazuia mbuzi asiingie kwenye mahindi. "Usiguse! Hata kidogo!"

"Bariki mwanangu," nikamwambia, "mwache kaka yako asikilize. Watu wanatungoja."

Akafikiri. Akaangalia jua. "Asikilize. Lakini mikono nyuma."

Ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukiona. Mwanangu mkubwa akaweka mikono mgongoni, kama mtoto anayekariri mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa juu ya injini. Akafumba macho. Shangazi akanong'ona, "Anaomba?"

"Kuna silinda haifanyi kazi," Sifaeli akasema. "Acha lingurume. Chukua kitambaa kikavu, chomoa waya wa plagi ya kwanza."

Bariki, kwa kiburi, akashika kwa mkono mtupu. Umeme ukamrusha! "Umenitega!"

"Nilisema kitambaa."

"Kijana kapigwa ngumi na gari lake," shangazi akasema, akacheka hadi akajishika kiuno.

Bariki akachukua kitambaa. Alipochomoa waya wa kwanza, gari likazidi kulegea, likataka kufa. "Rudisha, huyo mzima. Ukimwondoa anayefanya kazi, injini inalia. Wa pili." Akachomoa wa pili. Mlio haukubadilika hata chembe. Hata mimi nilisikia. "Huyo ndiye mgonjwa," Sifaeli akasema. Wa tatu alipochomolewa, vilevile, mlio haukubadilika. Wa nne, gari likalia.

"Wawili wa katikati. Zima. Sasa vuta juu kile kifuniko kirefu kinachoingia kwenye shimo la plagi."

Maana plagi za Pijo hazikai nje. Zimezama ndani ya mashimo juu ya injini. Bariki akavuta, na kile kitu kikatoka kinadondosha maji. Akachungulia shimoni. Maji yamesimama, na juu yake povu la sabuni.

Sifaeli hakucheka. Afadhali angecheka. "Ulimwagia injini maji?"

Bariki akafuta povu kwa kidole.

"Ile mipira ya kuziba imechakaa, maji yamepenya polepole usiku. Baba hakuwahi kumwaga maji humu. Alikuwa anafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, mimi nashika tochi."

Lile la tochi ndilo lililowasha moto. "Tochi, tochi!" Bariki akapiga kelele. "Mimi nilikuwa bweni, nani angeniita nishike tochi? Kila fundi akifungua boneti hii anasema, waya huu kaufunga Sifaeli, kibati hiki kakikata Sifaeli, hii mikono ya Sifaeli. Nimepewa gari lenye jina la mtu mwingine! Jana nililipeleka Kikatiti kwa waosha magari, nikawaambia wapige mashine mpaka ndani, masizi yote yatoke. Nilitaka siku moja tu boneti ifunguliwe, watu waone gari langu."

Nilifikiri wivu uko kwa aliyenyimwa. Siku hiyo nikajua hata aliyepewa analala nao.

Nikataka kusema yaishe, lakini Bariki akaendelea. "Na wewe sema. Jana ulifuata nini?"

Sifaeli akatoa mikono mgongoni. Angeweza kudanganya, nasi tungempokea. "Nilikuja kulegeza waya wa koili," akasema. "Kidogo tu. Likuzimikie pale kwenye mlima wa Ngaramtoni, watu wakutazame. Niliushika waya huo. Halafu nikauacha."

"Kwa nini uliuacha?"

"Kwa sababu ungenipigia simu nije nilitengeneze. Na ningekuja."

Wakakausha yale mashimo kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, wote wawili, vichwa karibu karibu. Wakafuta plagi, wakarudisha. Gari likawaka likanguruma laini, kama siku za Eliud. Nikapiga vigelegele. Nilijidanganya kwamba kilichokuwa kinachechemea ni injini peke yake.

Kwenye kabini tulikuwa tumepanga msemaji akae mbele pamoja nami na dereva, na shangazi abanane. Sifaeli akafunga mlango wetu kwa nje, akakanyaga gurudumu, akapanda nyuma na kondoo. Na suti yake. Nikamwita. Akasema, "Niko vizuri, mama." Bariki akaondoa gari. Tulipita Tengeru, tukapita mjini, tukapanda Ngaramtoni, Pijo halikukohoa hata mara moja, na kila nikigeuka kwenye kioo cha nyuma naona suti inakula vumbi na sikio la kondoo.

Kwa mzee Lemburis tukapokelewa vizuri. Sifaeli akasimama akasema kwa niaba ya baba yake. Alimsifu mdogo wake, bidii yake, heshima yake, mpaka mama yake Nancy akafuta macho. Nami nikaanza kupumua.

Mzee Lemburis akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Msemaji, maneno yako ni mazuri. Lakini nilikuwa nimesimama getini mlipofika. Mbele kulikuwa na mama wawili na bwana harusi. Wewe ulishuka nyuma na una manyoya ya kondoo begani. Nani alikuweka huko?"

"Nilijiweka mwenyewe, mzee."

"Mna ugomvi?"

Sifaeli akamwangalia Bariki. Bariki akaangalia chini. Neno moja tu la mmoja wao lingetosha. Nilingoja, nikiuma ncha ya kanga yangu.

"Binti yangu nampenda," mzee akasema. "Akiolewa anakuwa mke wa ndugu wote, akiugua nani atampeleka hospitali, huyu au yule? Kondoo huyu rudini naye. Siku mtakayokuja tena, nyuma akae yeye peke yake."

Wenyeji wakacheka kidogo. Sisi hatukucheka.

Tukatoka. Bariki akaingia, akawasha gari, akalingurumisha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sifaeli akapanda nyuma, akakaa chini, akamshika kondoo kamba. Shangazi akaingia mbele.

Mimi nikabaki nimesimama kati ya mlango na bodi ya nyuma. Nikikaa mbele, mkubwa ataandika moyoni kwamba mama amemchagua tena mdogo. Nikipanda nyuma, mdogo atasema, unaona, daima ni Sifaeli. Mlango wazi upande huu, mkono umenyooshwa upande ule kunivuta juu.

"Wifi," shangazi akaita, "unapanda wapi?"

Ninyi wenye wana wawili, ongeeni nao kabla ukoo haujakaa. Waulizeni wote wawili, aliyepewa na asiyepewa, na akisema sawa, mwulizeni mara ya pili. Msije mkaulizwa swali hilo mkiwa mmesimama kwenye uwanja wa watu, injini inanguruma vizuri kabisa.