Kiboksi cha Method

Pikipiki ile haikuwa na ugonjwa wowote, na hilo ndilo lililomchoma Mariana kuliko yote. Ilikuwa ya injekta, inayopimiwa mafuta na kompyuta yake, si ya kabureta. Asubuhi ukiiwasha inaitika mara moja, inakunywa mafuta kwa adabu, inapanda milima ya kwenda Ugalla na mzigo mgongoni bila kulalamika. Lakini Method, mumewe, bodaboda wa Makanyagio hapo Mpanda mjini, alikaa nayo miezi michache tu akaona ule ukimya wake unamvunjia heshima. Vijana wa kijiweni walikuwa wakimwambia pikipiki yake inanyata kama mwizi wa kuku. Basi mwanaume mzima akaenda kwa mchomelea vyuma, akang'oa bomba la moshi la kiwandani, akafungiwa lingine fupi na nene la kuunguruma. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa unajua Method anarudi nyumbani saa ngapi.

Kelele Mariana angezivumilia. Hakuolewa na mtu mkimya. Ila haikupita wiki, pikipiki ikaanza kutoa mipasuko kila ikipunguza mwendo, ikanuka petroli hadi kwenye nguo, na safari iliyokuwa ikimaliza nusu tangi ikawa inataka tangi zima.

"Baba Esteria, rudisha bomba la zamani," Mariana alimwambia jikoni. Akamwambia tena kitandani. Akamwambia mbele ya mtoto, huenda akaona aibu.

"Mama Esteria," Method alimjibu kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, "mambo ya injini huyajui."

Ni kweli, hakuyajua. Alichojua ni kwamba kabla ya bomba pikipiki ilikuwa nzima, na baada ya bomba ni mbovu. Kulijua hilo hakuhitaji kusomea ufundi.

Na haraka yake ilikuwa na sababu. Mariana ni Mkonongo wa Ugalla, na kule kwao yeye na wanawake wenzake wana mizinga. Mnunuzi wao wa asali huja Mpanda mara moja kwa msimu, na safari hii alishatangaza atapokea Jumamosi mpaka adhuhuri, halafu anageuza gari. Msimu uliopita asali yao ilichelewa njiani, mnunuzi akawa ameshaondoka, wakabaki kuiuza kwenye chupa za maji kando ya barabara. Kwenye kikao, Immaculata, mwenyekiti wao, aliuliza safari hii nani ataibeba. Mariana akasema, "Nipeni mimi. Nitaifikisha." Alilisema hilo kwa kinywa chake, mbele ya wanawake waliomfundisha hata kuwasha moshi wa kufukuzia nyuki.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo Method akarudi kutoka stendi ya mabasi anang'aa uso. Mkononi kiboksi cheusi chenye nyaya, kimetoka Dar.

"Dawa hii hapa," alisema. "Bomba likiwa kubwa, moshi unatoka kwa nguvu na hewa inaingia nyingi, kwa hiyo injini inataka mafuta zaidi. Kompyuta ya pikipiki haijui hilo. Hiki kinakaa katikati, kinaiongezea injekta. Wenzetu wa Dar wote wanavyo."

"Na bomba la zamani linataka kiboksi gani?" Mariana aliuliza.

Method akaisukuma pikipiki hadi gereji ya Sadalla, Mariana nyuma yake, maana alishaamua safari hii hatadanganywa na habari za kusimuliwa.

Sadalla ni fundi mzuri, ila ni Mnyamwezi, na Method ni Mfipa. Hao ni watani. Wakikutana, kazi husubiri kwanza.

"Mfipa wewe," Sadalla alianza hata salamu hajaitikia, "kwenu Sumbawanga watu wanaruka kwa ungo. Ungo haunywi mafuta, hauna plagi. Pikipiki unaitakia nini?"

Waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi wakaangua kicheko.

"Na wewe Mnyamwezi," Method akajibu, "babu zako walibeba mizigo kichwani mpaka pwani. Injini umeijulia wapi?"

Sadalla akaiwasha, akachuchumaa huku anacheka, akapitisha mkono karibu na shingo ya bomba, pale linapotokea kwenye injini. "Linavuja hapa. Aliyekuchomelea hakuweka hata gasketi ya kuziba. Na hapa ndipo ilipo sensa, inanusa moshi na kuipelekea kompyuta habari. Hewa ya nje ikiingia, sensa inadhani mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza. Na wewe unaleta kiboksi kiongeze tena! Unamwongezea mlevi chupa ili asimame vizuri. Hicho kifunge kichwani mwako, ndiko kwenye upungufu."

Kicheko kikapanda mpaka barabarani. Method ndiye aliyecheka kuliko wote, anajifuta machozi kwa mkono wa shati. "Mtani wangu huyu ataniua!"

Mariana hakucheka. "Shemeji Sadalla, unatania au unasema kweli?"

Sadalla akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukatulia. "Shemeji, viboksi hivi si utapeli. Pikipiki kubwa, iliyofunguliwa injini ikaongezwa nguvu, na akapatikana mtu wa kuvipima na kuvipanga kwa kompyuta, vinafaa sana. Ila hii..."

"Ila hii ni ya Mfipa!" Method akadakia.

"Ya Mfipa inafungwa hirizi!" Sadalla akamalizia, kwa sababu masikini hawezi kuuacha utani uanguke chini, na habari ikaishia hapo.

Mariana alitamani kuokota spana awarushie wote wawili. Utani ni kitu kizuri, hakuna anayebisha. Mtani atakusema hata msibani na huruhusiwi kununa. Lakini ubaya wake uko hapo hapo: atakuambia ukweli wote hadharani, na wewe utacheka, utaenda zako.

Kiboksi kikafungwa chini ya siti, bomba likaachwa linavuja. Mteja kataka, fundi kafunga. Siku mbili hapo mjini pikipiki iliondoka kwa kishindo na mipasuko ikapungua kidogo, na Method akawa anamtazama mkewe kwa jicho la "si nilikwambia". Ijumaa wakaenda Ugalla, wakalala kwa mama yake Mariana. Jumamosi alfajiri wakafunga ndoo tatu za asali kwenye keria: ya Immaculata, ya mama Sixte, mwenzao wa mizinga, na ya Mariana mwenyewe.

Katikati ya msitu pikipiki ikaanza kukohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikajivuta, ikazima.

Method akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa mafuta, imejaa masizi. Akaifuta kwa shati, akairudisha, ikawaka, wakaenda kidogo, ikazima. Akaifuta tena. Nyuki wa msituni wakaanza kuzunguka vifuniko vya ndoo, na jua lilikuwa linapanda.

"Chomoa hicho kiboksi," Mariana alisema.

"Hiki ndicho kinachotusaidia."

"Kinatusaidia nini, baba Esteria? Tumesimama!"

Ilibidi izime mara nyingine tena ndipo akichomoe, kwa uchungu kama anang'oa jino lake mwenyewe. Lakini plagi ilishakufa, haikutoa hata cheche. Ya akiba ilikuwa Makanyagio, kwenye droo. Mariana akakaa juu ya jiwe. Mawazoni alimwona Immaculata kwenye kikao kijacho, hamgombezi, anauliza tu kwa sauti ya chini kama kuna mwingine wa kubeba.

Kijana aliyetokea nyuma yao kwa pikipiki walimwona kabla ya kumsikia. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma, jina lake Lyamba, anaelekea mjini kununua dawa ya ng'ombe. Alisimama, akasalimia, akaelezwa habari ya mnunuzi, akatoa plagi yake wakaijaribu. Haikuingia, pikipiki zao zilikuwa za aina tofauti. Akazitazama ndoo, akamtazama Mariana.

"Mama na ndoo mbili naweza," alisema. "Adhuhuri haitatukuta njiani. Ya tatu itatuangusha."

Mariana akaanza kufungua kamba. Akampa ndoo ya Immaculata, kisha ya mama Sixte.

"Ya kwako ndiyo inabaki?" Method aliuliza.

"Ya kwangu ibaki. Hiyo sikumwahidi mtu."

Method alisimama ameshika kiboksi mkononi, nyaya zinaning'inia. Kwa mara ya kwanza tangu afungiwe lile bomba, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Esteria, mimi nilijua Sadalla ananitania. Haki ya Mungu. Mtani akisema, utajuaje?"

Mariana alishapanda nyuma ya Lyamba. Akageuka.

"Sawa, Sadalla ni mtani wako. Na mimi niliyekuwa nakwambia nyumbani kila siku, ule ulikuwa utani wa kabila gani?"

Lyamba akawasha. Pikipiki yake haikuwa na kelele, kwa hiyo Mariana alisikia vizuri kabisa kokoto zikilia nyuma yao, Method ameanza kuisukuma ya kwake.