Sakafu Ilikuwa Kavu

Modesta alifika zahanati ya wapiganaji wastaafu asubuhi, jua likiwa bado chini ya mawe ya mlimani, akakaa mwisho wa benchi na kadi yake ya presha ndani ya kanga. Mabomba yalikuwa yamekauka wiki nzima. Mfagiaji alifagia vumbi bila kunyunyizia chochote, na Mzee Mihayo, mpiganaji mwenzake aliyekaa kando yake, alikuwa ameshika vidonge kiganjani akingoja mtu apite na maji ya kumezea.

Zamu ya Modesta ilipofika, karani wa dirishani hakuinua macho.

"Wajane ni Alhamisi, mama."

"Mimi si mjane wa mpiganaji," Modesta alisema. "Mpiganaji ni mimi."

Alikuwa msichana katika kikosi cha mgambo vita vya Kagera vilipoanza. Alivuka mto na wenzake, akabeba majeruhi kwa machela, na waliomfahamu huko walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Karani alimwambia apishe anayefuata. Modesta alishika nondo za dirisha akasema haondoki mpaka apimwe. Ndipo karani akamwita mlinzi, kijana mrefu aitwaye Kashindye. Kashindye alimwomba kwanza kwa adabu, kisha akamshika mkono wa kulia na kuuzungusha ili vidole viachie nondo. Vidole havikuachia. Ulioachia ni mfupa, na benchi zima lilisikia.

Hospitali ya kumtibu ilitaka fomu ya polisi, kwa hiyo alipitia kituoni kwanza, mkono umening'inia kwenye kanga. Karani na Kashindye walikuwa wamemtangulia. Taarifa ilikuwa tayari imegongwa muhuri: mama huyo aliteleza kwenye sakafu iliyokuwa na maji, akaanguka mwenyewe. Modesta alisomewa akiwa haoni vizuri kwa maumivu. Akapokea fomu, akaenda kufungwa plasta.

Kesho yake, nyumbani kwake Kiseke, alikuwa amesimama jikoni anakoroga uji kwa mkono wa kushoto alipohisi nyayo zimelowa. Alidhani sufuria inavuja. Akapangusa, akasogea karibu na mlango, na maji yakatokea hapo pia. Yalipanda kutoka kwenye saruji yenyewe, ya baridi, safi, yananukia matete. Alipoketi yalikoma. Aliposimama tena yalirudi. Mchana akakuta samaki mdogo, furu wa ziwani, anarukaruka chini ya meza, akampa paka.

Plasta ilipokauka vizuri akarudi kituoni kupinga taarifa. Alikwenda na Mzee Mihayo, aliyevaa koti lake la sherehe ingawa kulikuwa na joto. Aliyewapokea ni Koplo Alexander, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, ambaye ndiye aliyeiandika taarifa ile.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kurekebisha. Sikuteleza. Nilivunjwa. Sakafu ilikuwa kavu."

"Kavu kabisa," Mzee Mihayo alisema. "Mimi hata vidonge nilimeza na mate."

Koplo alianza kuandika maelezo yao. Alipofika katikati aliinama akatazama chini ya meza, akanyanyua buti moja, kisha la pili. Akatoa majalada kwenye droo ya chini akayapandisha juu ya kabati. Halafu akakaa tena, miguu akiwa ameiegesha kwenye kiti kingine.

"Mama, unasema sakafu ilikuwa kavu."

"Ilikuwa kavu."

"Na haya?"

"Haya yamekuja baada ya ninyi kuandika."

Koplo Alexander alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa. Alitazama maji, akamtazama Modesta, akatazama ukutani.

"Inawezekana," alisema. "Lakini mimi ni askari, naandika ninachokiona." Akaongeza chini ya taarifa kwamba mlalamikaji, alipohojiwa, alionekana akiwa amesimama kwenye maji.

Modesta hakukata tamaa siku hiyo. Alirudi kumwona mkuu wa kituo, na kwa kuwa mkuu alikuwa na mkutano, aliombwa asubiri nje. Askari mmoja alimwonyesha pa kusimama, kwenye bustani ya maua iliyoanza kunyauka kando ya nguzo ya bendera. Alisimama hapo hadi jioni. Mara ya pili alipokwenda aliwekwa hapo hapo. Kufikia mara ya tatu maua yalikuwa yamechanua, na mkuu wa kituo alipotoka alimshukuru, akamwambia jalada limefungwa.

Mzee Mihayo alimsindikiza mara zote. Siku ile ya tatu, wakiwa njiani kurudi, alipunguza mwendo.

"Modesta, mimi nakumbuka vumbi," alisema. "Lakini kila nikikutazama naona maji. Wakiniuliza tena, sijui nitasema nini."

"Sema vumbi."

"Nitajaribu."

Zahanati nayo ilisema haiwezi kumsajili mtu aliyekutwa na polisi akisema yasiyo kweli. Plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwenye kiwiko kama mtu anayeficha kitu ubavuni.

Wa kwanza kuja na ndoo alikuwa Suzana, jirani yake. Aliomba kwa aibu, maana bomba la mtaa lilikuwa halijatoa tangu juzi na watoto wake hawakuwa na sare safi. Modesta alitoka akasimama kwenye saruji ya uani. Wiki iliyofuata mume wa Suzana alichimba mfereji mdogo akaweka kipande cha bati ili maji yaingie kwenye ndoo vizuri. Watu waliyachemsha kama maji mengine yoyote. Wengine walimletea ndizi.

Jumamosi moja Kashindye alikuja na madumu mawili. Alikuwa amehamia chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, na huko pia bomba lilikuwa kavu. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaweka dumu chini ya bati, akachuchumaa kulishikilia.

"Mkono unaendeleaje?"

"Haushiki kitu."

"Pole sana. Ile sakafu ilikuwa mbaya siku ile. Hata mimi nusura niteleze."

Modesta alimtazama usoni, akitafuta uongo. Hakuuona. Kijana alikuwa anakumbuka.

"Kashindye, ulinivunja."

"Hapana, mama," alisema taratibu, kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Uliteleza. Mimi nilikuwepo."

Dumu la kwanza lilijaa. Akalivuta pembeni, akaweka la pili. Modesta alitazama kiti chake kilichokuwa karibu na mlango. Kisha akatazama foleni, iliyofika hadi kwenye geti, na mwanamke mjamzito aliyekuwa amekalia ndoo yake akijipepea kwa mkono. Akabaki amesimama.