Mkono wa Kushoto wa Painten

Kiharusi kilimpata Bu Painten, kama tulivyomwita mama huyu kwa heshima, asubuhi, akikaanga tempe ya soya. Mguu ulirudi polepole, maneno nayo yakarudi, tena makali kuliko zamani. Lakini mkono wa kushoto ulijikunja ngumi, ukakataa kufunguka.

Wasiopiga ala ya saron walisema afadhali haukuwa wa kulia. Sisi tulijua ni msiba. Mkono wa kulia hushika nyundo na kugonga vipande vya shaba. Wa kushoto hufuata nyuma, ukibana kipande kilichotangulia kinyamaze kabla mlio wake haujaingia kwenye wa pili. Bila huo, muziki unageuka kelele za sufuria. Na Painten ndiye aliyekuwa mpigaji mkuu wa kikundi chetu cha akina mama, hapa kijijini karibu na Klaten. Mimi nilikaa ubavuni kwake miaka mingi, nikimfuata kama mkia.

Pak Darsono, mwalimu na mpiga ngoma wetu, alimwendea nyumbani. "Bu, njoo upige upatu mkubwa. Mkono mmoja unatosha."

"Mpe mkeo," akajibu. "Anasinzia mazoezini, utamwamsha."

Nikampeleka Painten hospitali kule mjini Solo. Mtaalamu wa viungo, binti mmoja aitwaye Wening, alichukua kifaa kidogo kama kipande cha sabuni, akakiwasha kikaanza kunguruma, kisha akakibandika nyuma ya mkono wa Painten, chini kidogo ya kiwiko.

"Mbona hushiki vidole, mwanangu?" Painten akauliza. "Ugonjwa uko huku."

"Vidole ni vizima, Bu. Ubongo ndio umepoteza habari zao. Ngozi na misuli ikitetemeka hapa, habari zinapanda tena juu."

Tukangoja. Kidole cha shahada kikalegea, kikafuata cha kati, halafu gumba likatoka lilikokuwa limejificha. Painten aliutazama mkono kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Nani kaufungua?"

"Wewe," Wening akasema. "Utajikunja tena baada ya muda. Kabla haujajikunja, ufanyishe kazi. Shika, achia. Shika, achia."

Akatuazima kifaa. Nyumbani kazi ikawa hiyo: kutetemesha mkono, kisha kupapasa maharage, nguo, punje za mchele, macho yamefumbwa. Baadaye Painten akadai saron. Mimi nikigonga, yeye anaweka vidole juu ya shaba inayolia na kutaja ni kipande kipi kwa mtetemo peke yake. Kubana ndiko kulikomtesa. Vidole vilifika vimechelewa, kila mara vimechelewa. Siku moja alirusha nyundo uani, kuku wakatawanyika, akalia huku akinitukana mimi. Kesho yake akaniita tena. Ilipita misimu miwili ya kuvuna mpunga ndipo shaba ikanyamaza pale ilipotakiwa kunyamaza. Tulitazamana. Tukarudia.

Mashindano ya wilaya yalifika. Pak Darsono alikuwa amemweka Rustanti, mpwa wake, kwenye nafasi ya Painten. Painten akaingia ukumbini amevaa kebaya, blauzi yake ya sherehe, ya kijani, nywele kazifunga vizuri.

"Rustanti, nipishe mwanangu."

Darsono akainama. "Bu, waamuzi hawatoi alama za huruma."

"Nani kakuambia nazitaka?"

Rustanti akasimama mwenyewe, akampangia mto wa kukalia. Painten akakibandika kile kifaa mkononi, chini ya shali yake. Mama mmoja wa kikundi jirani akageuka. "Kuna nyuki humu?"

"Yupo," Painten akasema. "Ni wangu, ana adabu kukushinda."

Tukaanza. Darsono alipiga ngoma taratibu, akimwonea huruma. Painten akamkazia macho mpaka akaelewa, akaongeza mwendo. Mkono wa kulia ukakimbia, wa kushoto nyuma yake, ukibana, ukiachia, ukibana. Kila sauti ilisimama peke yake, safi. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Tulipofika sehemu ya mbio, mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Walipotangaza kwamba sisi ndio wa kwanza, Darsono alimwinamia Painten kichwa mbele ya watu wote. Kwetu mtu hampungii mwenzake mkono wa kushoto. Ni kukosa adabu. Painten aliupungia ukumbi mzima, vidole vyote vimenyooka, na hakuna aliyemkemea.