Kitanda cha Mama Olha

Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi katika ofisi ya Orest Pidhirny, mbunge wetu katika Bunge la Jimbo la Ontario. Ofisi ilikuwa North York, kati ya kinyozi na duka la simu. Kwetu Tanga mtu kama yeye angeitwa Mheshimiwa. Yeye hakutaka hata kuitwa Bwana Pidhirny. “Baba yangu alikuwa fundi wa mabasi, Marziya. Niite Orest.”

Wazazi wake walikuja Kanada kutoka Ukraina baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naye akazaliwa hapa Toronto. Alianza siasa kwa kuwatetea wapangaji wa maghorofa yenye lifti mbovu. Alishinda uchaguzi mara tatu, na waliomchagua hasa walikuwa wazee, maana aliwasikiliza. Niliwahi kumkuta amepiga magoti kwenye zulia la ofisi, anamfunga bibi mmoja kamba za viatu, huku waziri akimsubiri kwenye simu.

Mama yake, Olha, aliishi katika makazi ya wazee yaliyokuwa vituo vitatu vya basi kutoka kwetu. Mama mkwe wangu, Sakarbai, aliishi humo humo. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamewafutia wote wawili Kiingereza. Olha alibaki na Kiukraina. Sakarbai na Kikachi, lugha ya wazee wake waliotoka India, na Kiswahili cha Tanga. Lakini kila asubuhi walikaa pamoja dirishani, Olha akisimulia, Sakarbai akiitikia. “Enhe,” utamsikia, “halafu ikawaje?” Na Olha anaendelea.

Mwaka jana chama cha Orest, ambacho ndicho kilichotawala, kilileta muswada: makazi yaliyochakaa yafungwe, na wazee wapelekwe popote penye nafasi, wapende wasipende. Makazi yetu yalikuwemo kwenye orodha. Orest aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa, akasema waziwazi, “Muswada huu hautapata kura yangu.” Watu walishangilia. Mume wangu, Aliakbar, aliinuka akaenda kumpa mkono.

Wiki mbili baadaye kiongozi wa chama akamwita. Aliporudi hakuvua koti. Alikaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza yangu.

“Wananipa uwaziri,” alisema. “Nina miaka sitini na mbili. Nikikataa, hawatanisimamisha tena kugombea.”

“Na wazee?”

“Nikiwa waziri nitawasaidia wengi zaidi.”

Ilikuwa wazi kwamba hasemi na mimi, anaibembeleza nafsi yake.

Akapiga kura ya ndiyo, akawa waziri.

Sakarbai alipelekwa mji ulio mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Huko hapakuwa na mhudumu hata mmoja wa kuelewana naye. Tulikwenda kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuwa amepungua. Akiletewa chakula, alijifunika mdomo kwa mtandio.

Siku moja, nikifungua barua za ofisi, niliona moja kutoka kwa wasimamizi wa makazi mapya ya wazee, ikimshukuru Waziri kwa kupiga simu mwenyewe. Mama Olha alikuwa amepata kitanda katika makazi hayo, hapa hapa North York, akiwaruka watu zaidi ya mia waliokuwa kwenye foleni. Niliichukua nikaingia nayo chumbani kwa Orest.

Aliisoma, akaiweka mezani. “Mwana gani asingefanya hivyo kwa mama yake?”

“Aliakbar hakufanya. Hana mtu wa kumpigia. Ungeniambia, Orest, ningekuomba na Sakarbai umsemee.”

“Ndiyo maana sikukuambia,” alisema, akafunika uso kwa mikono.

Niliacha kazi wiki ile ile. Sikumpelekea mwandishi wa habari barua yoyote, lakini habari haikufichika, na mchunguzi wa maadili ya wabunge akaniita nikatoe ushahidi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Aliakbar alinisihi, “Ni Orest aliyehangaikia karatasi za Mama hadi akaruhusiwa kuja huku. Watu watasema asante ya punda ni mateke.”

“Najua,” nilisema. Na nilikwenda, nikaeleza nilichokiona, na machozi yakanitoka nilipotaja jina la Orest.

Orest hakukana hata neno moja. Alivuliwa uwaziri, na uchaguzi ulipofika chama kikamsimamisha mtu mwingine. Ofisi yetu sasa ni kliniki ya meno.

Sakarbai alifariki mwezi wa Machi. Siku ya khitma, nilipofika msikitini, nilimkuta Orest kwenye rafu za viatu, amesimama na soksi zake, hajui aelekee wapi.

“Mama anamuulizia rafiki yake kila siku,” aliniambia. “Sijui nimjibu nini.”

Nilitaka kumwambia hilo ni lake, alibebe mwenyewe. Nilitaka pia kumpa pole, maana nilimfahamu na uso wake ulikuwa umesinyaa. Badala yake nilimwita Aliakbar. Alimshika Orest kiwiko, akaenda kumkalisha ukutani, karibu na wafiwa. Mimi nikapanda ngazi kwenda upande wa wanawake.