Alistidia wa Kwenye Kontena

Kitendawili, mjukuu wangu, wewe uliyekaa karibu na jiko: nyumba yangu naijenga kwa neno, naivunja kwa neno, na pale ilipokuwa nyasi hazijalala. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Bukoba, nimeupokea, nimekula samaki wake, nimeshiba. Sasa jibu: ni kontena la Mwesiga wa Kaagya.

Mwesiga huyo aliwafanyia kazi wanunuzi wa kahawa wa mjini, kwa kompyuta, akiwa nyumbani kwake. Hakubonyeza vijipicha, aliandika amri kwenye dirisha jeusi. Akiandika amri ya kuwasha, kibanda cha nyasi kilisimama kibanjani katikati ya migomba, na ndani yake mtu mmoja mwenye kazi moja: huyu kujumlisha uzito wa kahawa, yule kutuma risiti kwenye simu za wakulima. Mtu na kibanda chake ndilo kontena. Walitolewa kwenye picha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kama vitumbua kwenye kikaango; ukitaka wengi, wote sura moja. Jioni Mwesiga aliandika amri ya kuzima, wakaondoka na vibanda vyao. Majirani walishazoea. Kuku wa Benigna walitaga humo, na Benigna alilalamika tu kwamba mayai yalizimwa pamoja na vibanda.

Ni Benigna huyo aliyesema, msimu wa senene, ungo ukiwa kichwani: "Ma Alistidia, kile cha chini, penye mbuni mkubwa wa kahawa, hakizimwi. Au mumeo amesahau?"

"Mwesiga hasahau kontena. Husahau chumvi dukani."

"Basi nenda ukamtazame aliyemo. Mimi simo."

Alistidia akateremka. Kibandani alimkuta yeye mwenyewe, wa mwaka ule alipoletwa kutoka Rubya kuolewa: shingo laini, meno yote, amekaa mkekani akiwanyonyoa senene mabawa. Mwesiga alikuwa ametengeneza picha ya siku zile, akaiwasha. Hilo Alistidia angeweza kulivumilia. Kilichomchoma ni kitenge kipya kiunoni mwa yule. Uhayani mke humletea mume senene wa msimu, na mume humpa nguo. Mwaka huu Alistidia alipeleka wake, wamekaangwa wakakauka vizuri, na Mwesiga akasema ameshiba.

"Shikamoo, Ma," akasema yule wa kontena.

"Usiniamkie. Mimi ni wewe."

"Ndiyo, Ma."

"Na kitenge hicho kitakubana ukizaa."

"Sijawashwa kwa kazi ya kuzaa, Ma. Karibu senene."

Alistidia akaonja. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa, na hilo likamuudhi zaidi.

Mchana, akimpakulia mumewe ndizi, akauliza, "Mbona huyo humzimi?"

Mwesiga akatia mdomoni punje ya kahawa, akatafuna, akasema mtandao wa leo ni mzito.

Kesho yake, Mwesiga alipopanda bodaboda kwenda mjini, Alistidia alikaa mbele ya kompyuta. Amri alizijua kwa kuzitazama, kama mtu anavyoijua njia ya kisima cha jirani. Aliandika ya kuzima, na mwisho wake akaandika jina lake mwenyewe. Kibanda kikaondoka. Maji ya chai hayajachemka, kikasimama tena. Akazima; kikasimama. Mwesiga alikuwa ameuagiza mtambo kwamba wa aina hii mmoja awepo daima, na akitoka huyu ainuliwe mwingine. Kila aliyeinuliwa alianza upya, hamjui mtu. Kitenge tu kilibaki kilekile, kwa kuwa Mwesiga alikuwa amekifungulia ghala nje ya kontena, na kilicho ghalani hakizimwi pamoja na mwenye nacho.

Basi Alistidia akashuka kumvua kwa mkono.

Yule hakubisha. Alikifungua kitenge, akakikunja, akampa kwa mikono miwili. "Chukua, Ma. Sura yako ni ya kwetu. Unatoka Rubya?"

"Natoka Rubya."

"Tata hajambo?"

Tata, baba yao wote wawili, alikwisha kuzikwa. Siku ya mazishi watu wa Rubya walisimama kaburini wakimngoja mkwe aje atupe udongo, wakangoja mpaka padri akatazama saa, na Mwesiga akapiga simu kwamba mtandao ni mzito na wanunuzi wanamsubiri. Alistidia ndiye aliyeutupa udongo wake na wa mumewe.

"Hajambo," akajibu. "Anapalilia."

"Mwambie nitakuja Krismasi."

"Nitamwambia."

Alimtazama yule akitabasamu kwa meno yake yote, na wivu uliomkaba sasa ulikuwa mkubwa kuliko wa nguo. Akamzungushia kitenge kiunoni, akakaza fundo, akavuta ungo akaanza kunyonyoa.

Mwesiga aliporudi jua bado lipo, aliwakuta wote wawili mkekani, ungo mmoja katikati. Aliwasalimu, akaketi upande wa yule wa kontena.

"Nimemzima, akarudi," Alistidia akasema.

"Najua. Simu iliniarifu."

"Nilikuuliza jambo jana, Ta Mwesiga."

Yule wa kontena aliinuka kwenda kuchochea moto, akimwimbia mumewe polepole. Mwesiga alimfuata kwa macho, akaisukuma punje ya kahawa shavuni.

"Huyo," akasema, "bado hajanijua."